Ziache Zilale

Nakumbuka siku moja niliyomwita mama mkwe wangu mchawi, ingawa neno lenyewe halikutoka kinywani mwangu. Sogeza kigoda kivulini, mwanangu, ukae. Habari hii inaanzia kwenye mbegu za mgagani, hizi hizi ulizozifuata leo, kwa hiyo usinione nazunguka mbuyu.

Mimi ni mtu wa Kagera. Kwetu chakula ni ndizi, na mgomba hauna mambo ya mbegu. Unachimba chipukizi kando ya mama yake, unalitia shimoni, unamwaga samadi, unaondoka. Limeshika. Nilipoolewa huku Ilemela, nikaletwa kwenye nyumba hii iliyobanwa na majabali, nilijua kulima lakini sikujua kungoja. Mawifi walinitania, eti mtu wa ndizi atakula nini kwenye mawe. Nilicheka nao, ila moyoni iliniuma. Nikaazimia kuwa na tuta langu mwenyewe, nipike mboga iliyotoka mkononi mwangu.

Mume wangu alishinda mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshushia samaki. Siku akipata, tulikula sato. Siku akikosa, tulitazama bustani ya mama yake, na bustani ya yule mama haikuwahi kutuangusha. Alikuwa na mchicha, mnafu, kunde, maboga, na mgagani alioupenda kuliko zote, uchungu wake akiupunguza kwa maziwa ya mgando. Sikuwahi kumwona akinunua mbegu. Zote zilitoka kwenye vibuyu vilivyoning'inia jikoni kwake juu ya mafiga, mahali moshi unapopita kabla ya kutoka nje. Wadudu hawaupendi moshi. Macho nayo hayaupendi, lakini hilo wakati ule sikulifikiria.

Kiangazi kilipoanza, tulivuna mbegu pamoja. Alikuwa amechagua mapema mimea yenye majani mapana, ile inayochelewa kutoa maua, akaifunga vitambaa ili mtu asiichume. "Hii si ya chungu," alikuwa akisema. Maganda yalipogeuka manjano, kabla hayajapasuka, tuliyakata, tukayaanika kwenye mkeka, tukayapiga kwa fimbo taratibu, tukapepeta. Mbegu za mgagani ni ndogo, nyeusi, ukizisugua zinakwaruza vidole. Akanijazia kikombe changu mwenyewe.

"Hizi zako," akasema. "Lakini ziache zilale kwanza."

"Ndiyo, mama."

Sasa wewe, mwanangu, ukiambiwa maharage yalale ndani ya maji, unaelewa nini? Nami nilielewa hivyo hivyo. Nikakiweka kikombe kando ya kitanda, nikakifunika kwa kanga yangu mpya ya harusi, tukalala, mbegu na mimi. Kulipokucha nikazipanda. Nilibakiza kidogo tu, za akiba.

Mama mkwe naye alipanda tuta lake asubuhi ile, mimi nikiwa nimekwisha kufukia zangu, akichota mbegu kwenye kibuyu. Kibuyu kipi, sikuuliza. Matuta yetu yalipakana. Samadi ilitoka zizi moja, maji yalitoka ndoo moja. Baada ya siku chache lake likawa la kijani, langu likabaki udongo mtupu. Nikaongeza maji. Nikachakura kwa kidole, nikazikuta mbegu zangu zipo vilevile, hazikuoza wala hazikuota. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mbegu iliyooza ina sababu yake, lakini hizi niliziona kama zimezuiwa.

Kuuliza si ujinga, sote tunausema msemo huo, lakini bibi harusi ana aibu zake. Badala ya kumwuliza mwenye mbegu, nikaenda kumwambia asiyehusika. Tukiwa kwenye foleni ya maji bombani nikamweleza jirani yetu, Mama Doto, kwamba tuta la mama mkwe limeota na langu limegoma, na mbegu zote zimetoka mkononi mwake.

"Na yale macho yake umeshayaangalia?" Mama Doto akaniuliza. "Mekundu vile."

Nilipaswa kusema ni moshi. Nilipaswa kusema yule ni mama yangu. Nikanyamaza, nikainamia ndoo yangu.

"Lisemwalo lipo," akasema Mama Doto, "na kama halipo, laja."

Huenda wewe unaona hizo ni porojo za bombani. Huku kwetu, miaka ile, mwanamke mzee mwenye macho mekundu akishasemwa hakuwa salama tena hata nyumbani kwake. Wapo waliopoteza maisha kwa sababu ya moshi wa majiko yao wenyewe. Mimi nililijua hilo, nilikwisha kusimuliwa, na bado nilinyamaza. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulimi wangu ulikuwa umetulia kabisa, na madhara yakatoka kwenye kule kutulia kwake.

Haikuchukua muda. Mama mkwe akarudi kutoka bombani na ndoo tupu. Alipofika kule, wanawake walisogea kando wote kwa pamoja na hakuna aliyeitikia salamu yake, hata akaona haya kuchota. Aliweka ndoo mlangoni, akakaa juu ya jiwe. Sikuwahi kumwona akikaa bure mchana.

"Koku," akaniita. "Umesema nini huko bombani?"

Nikalia. Nikamweleza yote, na kile kimya changu pia. Hakupaza sauti. Alinishika mkono, akaniingiza jikoni, akanikalisha chini ya vibuyu, akatia kuni mbichi motoni. Kisha akakaa kando yangu, akaanza kumenya viazi. Moshi ukajaa. Nilikohoa, macho yakaniwaka, nikataka kutoka. Akaniwekea kiganja kwenye goti.

"Umekaa kidogo hivi tu, unalia," akasema. "Mimi nipo hapa tangu nikiwa msichana. Halaka ya nini?"

Herufi ya r hakuwahi kupatana nayo, marehemu, na mpaka leo nikikimbilia jambo naisikia sauti yake inaniuliza vilevile.

Viazi vilipokwisha akaniuliza zile mbegu nilizilaza kwa muda gani. Nikamwambia, usiku mmoja, na kanga juu. Akanitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Mbegu ya mgagani, akaniambia, ikiwa imevunwa karibuni haioti hata uibembeleze. Ina usingizi wake. Huwekwa kavu miezi mingi, mpaka msimu mwingine. Yeye alipanda za mwaka uliopita, za kibuyu cha kushoto. Za mwaka huu zilikuwa kibuyu cha kulia, na hata yeye mwenyewe hakuthubutu kuzigusa.

"Sasa nenda ukayazoe maji uliyoyamwaga," akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi ilinibidi niyazoe, na mbele ya watu. Nilingoja wakati foleni ni ndefu, nikasimama katikati ya ndoo. "Jamani," nikasema, "mimi mtu wa ndizi niliambiwa niziache mbegu zilale, nikazitandikia kitanda." Nikawaeleza kikombe, nikawaeleza kanga ya harusi. Halafu mmoja akaguna, mwingine akapasuka kicheko, na punde wote walikuwa wanacheka na maji yanafurika. Mama Doto alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka. Nikangoja watulie, nikasema na la pili bila mzaha, kwamba macho ya mama yangu ni moshi wa jiko letu, na asiyeamini aje akae nami chini ya vibuyu.

Tangu hapo wakaniita Mlaza Mbegu. Niliitika jina hilo miaka mingi. Bora nichekwe mimi kuliko aogopwe yeye. Nikaanza kuongozana naye bombani kila alipokwenda, na salamu zake zikaanza kuitikiwa, moja moja, mpaka ikawa kama zamani.

Vuli ilipofika, siku moja aliniita nje huku manyunyu yanatuangukia. Tuta langu, lile nililolitelekeza, lilikuwa limeota lenyewe lote.

"Zimeamka," akasema.

Mgagani ule ulipokuwa wa kuchumwa, tulichuma pamoja na mimi nikapika. Na alipokuja Mama Doto kuomba mbegu, mama mkwe alimfungia kwenye kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Alimpa za kibuyu cha kushoto, zilizokwisha kulala. Mimi nisingempa. Nilikuwa bado nina hasira naye, hasira iliyonistahili mimi mwenyewe.

Basi sikiliza, mwanangu. Akiba haiozi, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakutia mbegu mbichi ndani ya chupa. Zikaushe kwanza, kivulini, wala usizianike juu ya bati, jua la kule linaua. Mimi siku hizi wajukuu wamenipa jiko la gesi, moshi sina, kwa hiyo nachanganya mbegu na majivu makavu yaliyochekechwa, natia kwenye chupa kavu, nafunga kabisa, naweka mahali penye giza na ubaridi. Na andika msimu juu yake, usitegemee kichwa. Mbegu ya kuweka uichague kwenye mmea ulio bora, si ule uliosahaulika shambani, na mmea huo usiuonee tamaa hata kama jioni huna mboga. Usipande zote. Mvua inaweza kukuhadaa, na mwenye akiba hupanda tena. Na usikae nazo peke yako, mpe jirani, maana siku panya akimaliza zako utazifuata kwake.

Tuta la nyumbani litakutosha usiwe mtu wa kuomba mboga, wala wa kukimbilia pakiti ya dukani kila msimu. Lakini jambo usilolielewa, liulize kwa mwenyewe, usilipeleke kwenye foleni. Nasi wazee tuna kosa letu, tunatamka neno moja tukidhani limeeleweka. Kwa hiyo nakwambia waziwazi: hizi ninazokupa ni za mwaka jana, zimeshalala, zichanganye na mchanga zisirundikane, zifukie juu juu tu. Zile za chupa ya bluu ni za mwaka huu, ziache.

Haya, nenda. Mungu aubariki mkono wako, akupe tuta lisilokauka na sufuria isiyolala tupu. Na siku macho yako yatakapokuwa mekundu kama haya yangu, akupe mtu bombani wa kusema ni moshi.