Baba Mkwe Hakushika Kiboko

Mdogo wa marehemu mume wangu ni kitindamimba, alilelewa kama yai. Alijaribu kunyoa, akakata watu masikio. Akajaribu kupiga picha, akakata watu vichwa. Sasa anatembeza wageni katika mji wa kale wa mashamba ya miwa, kule kisiwani walikozaliwa. Wageni wanampenda, maana ulimi wake hauna breki.

Mjukuu wangu alirudi na wenzake kutoka ziara ya shule kwa shemeji huyo, analia. Wanamwita Kitukuu wa Mnyapara. Nazi mbovu harabu ya nzima. Nikapanda meli.

Nilijibanza nyuma ya wageni. Ndani ya kiwanda cha sukari kisicho na paa, shemeji alitungua kiboko ukutani. "Hiki ni cha baba yangu mzazi, mnyapara mkuu. Akikohoa tu, shamba zima linainama!"

Nimefundisha historia. Najua watu walichapwa mle, na waliochapa wana majina. La kwetu halimo.

Wageni walipokwenda kunywa maji, nikajitokeza.

"Shemeji! Mbona hukusema unakuja?"

"Ungeniandalia uongo gani? Kiboko umekitoa wapi?"

"Sokoni. Shemeji yangu, nani atavuka bahari kuja kusikia habari za mpishi wa sukari? Mzee amelala zake kaburini, hasikii."

"Kitukuu wake anasikia."

Nikakinyakua kiboko, nikakitia mkobani, nikaondoka. Sijafika langoni, namsikia anawaambia wageni waliorudi: "Na kiboko chenyewe, ukoo umekuja kukificha sasa hivi. Yule mama pale!"

Nikageuka. Nikamwekea kiboko mkononi mbele ya wote.

"Waoneshe baba yako alivyokishika. Kwa mkono upi? Wa kulia uliungua kwa sukari ya moto hadi kiwiko, vidole havikukunjika tena. Wa kushoto ulikuwa na kazi ya kukubeba wewe."

Mgeni mmoja akacheka. Shemeji akakitazama kiboko, kisha akanirudishia.

"Baba alikuwa mpishi wa sukari," akasema, kama mtoto anayesomeshwa kwa nguvu.

"Pandisha sauti. Wa nyuma hawasikii."

Nikaketi kwenye ngazi za kiwanda, kiboko magotini, nimsikilize mpaka amalize.