Gitaa Nililomtengenezea Rafiki Yangu Limerudi, Mwenyewe Hajarudi

Nina miaka thelathini na sita, naishi Goma, na kazi yangu ni kutengeneza magitaa ya umeme kwa mkono. Admin, nakuomba usiandike hata mtaa wangu, maana mafundi wa kazi hii hapa mjini hatufiki hata wanne. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Siku tatu sasa siwezi kukaa, siwezi kula, nashika randa naiweka chini.

Rafiki yangu wa tangu utoto tumwite Bahati. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, na anatumia mkono wa kushoto. Kwa miaka alipiga magitaa ya watu akiwa ameyageuza juu chini. Gitaa la kwanza nililotengeneza nikaridhika nalo lilikuwa lake. Mwili niliukata kwenye libuyu, mbao ngumu ya msituni, kila kitu upande wa kushoto. Shingo niliichonga mara tatu, maana kidole chake cha mwisho kiliwahi kuvunjika na hakinyooki, nikaipunguza pale kinapolala. Shingo kama ile sijamchongea mtu mwingine.

Miaka mitatu iliyopita alienda Rutshuru kupiga kwenye harusi ya binamu yake. Vita ikafunga barabara, simu yake ikazimika. Mimi na mke wake, Furaha, tulimtafuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya hema kwa hema, tukimuulizia mtu mrefu mwenye gitaa. Mwishowe mkimbizi mmoja akatuapia kwamba alimwona kati ya maiti njiani. Familia ikakaa matanga bila mwili.

Niliendelea kupita kwa Furaha. Siku moja natengeneza mlango, siku nyingine nampeleka binti yao zahanati. Sikupanga kumpenda. Ila siku moja alinitania kwamba harufu ya vernis ninayopaka magitaa imeshahamia kwake, akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Papa yake amepokea posa. Ndoa ni Jumamosi ijayo.

Jumatatu asubuhi akaingia karakana mfanyabiashara wa Butembo, akiwa na gitaa kwenye mfuko wa unga.

"Papa fundi, sauti inakatikaka," akasema. "Waliniambia ni wewe utaweza."

Nililijua kabla hajalitoa lote. Nilifungua kibao cha nyuma, nikakuta mwandiko wangu wa penseli: jina la Bahati na langu. Nikageuka, nikajifanya natafuta bisibisi nyingine.

"Ulilitoa wapi?"

"Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipelekaka biashara kule. Na mimi ni mutu wa kushoto, nikaona haitapatikana ingine. Mwenyewe hakutaka kuachilia. Alipiga wimbo moja kwanza, ndiyo akanipa."

"Lini?"

"Haijapita miezi mbili. Aliniambia, kama inaharibika, tafuta fundi wa Goma aliyeitengeneza, kama angali muzima."

Akanisomea namba ya simu ya huyo mtu, nikaiandika kwenye kipande cha mbao. Sikumuuliza kama anaishi peke yake au ana mke mwingine. Niliogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Gitaa lilikuwa na waya mmoja tu uliokatika. Kazi ya dakika kumi, mimi nilimwambia arudi Ijumaa.

Tangu hapo najiuliza kwa nini hajatutafuta. Labda namba zetu zilipotea na simu yake. Labda aliambiwa Furaha amekufa, kama sisi tulivyoambiwa yeye amekufa. Labda hakutaka kurudi. Na kuna wakati, Mungu anisamehe, naomba iwe hiyo ya mwisho.

Jana mchana nilipiga.

"Allô?" Ilikuwa sauti yake. Amekonda hata sauti, lakini ni yeye.

Nilibana simu sikioni.

"Allô, ni nani?" Nyuma yangu jirani alikuwa anapasua mbao kwa mashine, akaisikia. Akasema polepole, "Ni wewe, fundi?"

Nikakata.

Amepiga mara sita tangu jana, sijapokea. Mara ya mwisho Furaha alikuwa amesimama hapa karakana, ameniletea kitambaa cha suti yangu nichague rangi ya tai. Akaniuliza, "Mbona hushiki simu?" Nikamwambia ni mtu wa kazi. Akaniangalia, akasema, "Umekuwa kama mutu anataka kukimbia ndoa. Kama umebadilika, uniambie sasa, nilishazoea kuachwa."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kukaa na lile gitaa magotini.

Nikisema, huenda nikampoteza mwanamke pekee niliyewahi kumpenda, na binti aliyeanza kuniita papa. Nikinyamaza, nitasimama kanisani nikimuoa mke wa rafiki yangu huku najua anapumua. Nyinyi mnaosoma, hasa akina mama mliowahi kungoja mtu, mngetaka kuambiwa? Na aanze kujua nani, Furaha au Bahati? Niambieni leo, maana wakati naandika hapa simu inaita tena.