Upele Niliouita Mbu

Siku hiyo tulikuwa kisimani, mimi na mama, nami naota kwa sauti kama kawaida yangu: nikimaliza shule nitasomea unesi, mama atavaa khanga mpya kila Ijumaa.

"Anza kuosha hiyo ndoo, nesi," mama akasema.

Kaka Shabani akatokea njia ya mashambani. Alikuwa kijiji cha Mloka akilinda mahindi yasiliwe na tembo, kalala mwezi mzima juu ya kichanja cha dungu na wenzie watatu, blanketi moja. Alijikuna mikono, akajikuna kiuno, hata salamu hakuimaliza.

"Haa! Kaka, mbu wamekumaliza," nikasema mbele ya kina mama wote. "Umeshakuwa mtu wa porini!"

Alicheka yeye peke yake.

Miezi ile kwetu Kibiti watu walikuwa wanauawa, na waliokuwa wakiua hatukuwajua. Tuliwaita hivyo hivyo, watu wa porini. Ndoo zikajazwa upesi. Hakuna aliyetuaga.

Siku ya tatu, mchana, jirani akaingia uani mbio.

"Shabani, unaulizwa. Wana bunduki. Wanamtaka anayejikuna."

"Kina nani?" mama akauliza.

"Sijui, dada. Nani wa kuwauliza?"

Kaka alikuwa anakula. Akanawa mkono.

"We Zena, usilie. Nakuja."

Akaingia kwenye mpunga, kainama.

Walifika. Wakatazama ndani. Wakaondoka.

Kaka hakurudi.

Tukahamia chumba cha kupanga Kibiti mjini. Wiki chache baadaye nikaanza kujikuna mimi, kisha mama. Usiku ndiyo balaa. Zahanati, nesi akanipanua vidole.

"Mbu huuma palipo wazi, mwanangu. Huu umekaa katikati ya vidole, na kiunoni. Ni upele. Mtu anaupata kwa kulala pamoja na mwenye nao."

Blanketi moja kule dunguni, kisha nyumbani kwetu. Ningelijua hilo kule kisimani!

"Mjipake dawa wote siku moja, shingoni hadi nyayoni, hata asiyejikuna. Nguo na shuka mfue, muanike juani. Mko wangapi nyumbani?"

"Wawili," nikasema.

"Watatu," mama akasema.

Nesi akatoa chupa tatu.

Tulipona. Unesi bado nauota, na kucheka bado nacheka, ila siku hizi kabla sijamtania mtu natazama nani anasikia. Chupa ya tatu iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Tarehe iliyoandikwa ubavuni imeshapita zamani. Mama hajui kusoma. Kila Ijumaa anaifuta vumbi, nami sijamwambia.