Mshale Mdogo Kwenye Flashi

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande, na maneno mengine huenda nimeyakosea, maana niliishia darasa la nane na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza imla. Ninaandika polepole. Lakini jambo hili nimelibeba tangu mvua ya vuli iliyopita, na mdomo wangu hauliwezi.

Ninafanya kazi katika studio ya picha sokoni Kathiani. Mwenye studio ni mama mmoja mkali kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga picha, kuzihamisha kwenye kompyuta, na kufuta kadi ya kamera ili kesho tuanze upya. Kisha akanipa flashi nyekundu.

"Kompyuta ni chombo, inaweza kufa," aliniambia. "Kila jioni kabla tufunge, weka picha za leo hapa pia. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo. Mimi hujibu ndiyo haraka ili mtu aache kuniangalia.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na alama ya folda ya picha, na pembeni yake mshale mdogo. Kila jioni niliinakili ile alama kwenye flashi. Haikuchukua hata dakika. Halafu, kwa kuwa mimi ni mwangalifu, niliifungua papo hapo kutoka kwenye flashi, na picha zote zikatokea: maharusi, watoto wa ubatizo, wazee wa kikundi cha maji wamesimama mstari mmoja.

"Umeweka?" mama aliuliza akiwa ameshika kufuli.

"Nimeweka."

Jambo moja lilinisumbua. Flashi haikujaa. Miezi ilipita, picha zikawa nyingi, na bado ilionekana tupu. Nilitaka kuuliza. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Lakini leo kulikuwa na wateja, kesho mama alikuwa kwenye simu, na mimi niliogopa kuchekwa.

Siku moja mzee mmoja alikuja na mke wake, mama aliyeuza parachichi karibu na lango la soko. Mzee alitaka wapigwe wawili. Mke akakataa, akasema yeye apigwe peke yake kwanza, kwa sababu mzee huharibu picha kwa kununa. Tulicheka wote watatu. Nilimpiga picha moja nzuri. Walisema watarudi kuichukua siku ya soko.

Hawakurudi. Yule mama wa parachichi aliugua, na baada ya wiki mbili akafariki. Katika wiki hiyohiyo stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na kompyuta yetu ikanyamaza kabisa.

Mzee alikuja amevaa koti, ijapokuwa kulikuwa na jua. Alitaka ile picha ikuzwe, iwekwe mbele ya jeneza. Hakuwa na nyingine ila ya kitambulisho. Alinionyesha.

"Huyu ni msichana," alisema. "Mimi nimezeeka na mwingine."

"Usijali, Baba," nilimwambia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisema neno kwa uhakika mbele ya mtu mzima. "Niko nayo kwenye flashi."

Nilienda Machakos mjini kwa fundi wa kompyuta, na flashi mfukoni, na ile kompyuta iliyokufa ndani ya gunia. Fundi ni kijana wa rika langu. Akachomeka flashi.

"Siz, hii haina kitu."

"Iko na picha. Mimi huzifungua kila jioni."

"Unazifungua na mashini gani?"

"Ya studio."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wee! Hiki ulichoweka ni kibao cha barabarani. Kinasema tu, picha ziko kule. Ukiwa kule kinakuonyesha. Umekuwa ukibeba kibao cha shule kila jioni, shule yenyewe umeiacha kule ikaungua." Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. "Pole. Wacha nijaribu diski iliyo ndani ya kompyuta."

Alijaribu kutwa nzima. Diski ilikuwa inagongagonga ndani kama kidole mezani. Haikutoa kitu.

Nilipokuwa nikingoja, nilimuuliza maswali niliyopaswa kuuliza mwaka mzima. Alinijibu bila kunidharau. Sidii, ile sahani inayong'aa, ukishaiandika hubadilishi, na picha zetu huongezeka kila siku. Tena inakwaruzika, na kompyuta za sasa hazina pa kuitia. Flashi ni ya kubeba kazi kutoka hapa mpaka pale, lakini ukiiandika na kuifuta kila siku huchoka bila kukuambia, na ni ndogo, hupotea. Kuweka kwenye intaneti ni vizuri, lakini nikawaza mtandao wa kwetu milimani na uzito wa picha mia mbili za harusi. Alisema kwa kazi ya kila jioni tutafute diski kubwa za nje, mbili, tuzibadilishe kila wiki, na ile isiyotumika isilale studio.

Hapo nilimkumbuka mama yangu. Kila baada ya mavuno huchagua mbegu ya kunde, huichanganya na majivu, nusu huiweka kwetu na nusu humpelekea dada yake anayeishi Ekalakala. Tangu nikiwa mdogo nimebeba hiyo mbegu, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mwenye studio alisema atamwambia mzee yeye mwenyewe. Nikasema hapana, nitamwambia mimi. Nilimkuta kwake, watu wakichimba kaburi nyuma ya nyumba. Nilimweleza yote, hata ule mshale.

"Mwana wakwa," alisema, maana yake mtoto wangu, "wewe ndiye ulimpiga?"

"Ni mimi."

"Alikuwa amekaaje?"

Nikamwambia. Alikuwa amefunga kitambaa cha manjano, akakifungua akakifunga tena alipojiona kwenye kioo cha ukutani. Aliniomba nisionyeshe viatu. Alipotaka kucheka alifunika pengo la jino lililotoka. Mzee akafunika mdomo wake vilevile kwa mkono, bila kujua. Walimzika na ile picha ya msichana, ya kitambulisho, mbele ya jeneza.

Sasa tuna diski mbili. Moja iko studio na nyingine kwetu, juu ya kabati, imefungwa kwenye leso. Kila jioni ninanakili picha zenyewe, na kila Jumamosi ninaenda kuzifungua kwenye kompyuta ya duka la jirani, si yetu. Kufuta kadi ya kamera ninangoja mpaka hapo.

Lakini picha ya yule mama bado sina. Nyinyi mnaosoma barua hii, wengi mmepita soko la Kathiani, na mmepigana picha kwa simu pale langoni. Angalieni nyuma ya watu wenu. Mkiona mama wa parachichi mwenye kitambaa cha manjano, hata kama ni nusu ya uso, tafadhali niandikieni barua hapo studio mniambie. Mwandiko wowote nitausoma.