Nzi Aliyekataliwa na Kielelezo Chake

Saa mbili asubuhi, jua limeshaingia dirishani na kutanda juu ya meza ndefu ya karakana. Bi Nyuzi, kama wenzake wanavyomwita, anaibana ndoana ndogo kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, anaizungushia uzi mweusi, kisha anaifungia nyoya mpaka linasimama kama sharubu za paka. Hapo anasita. Anaitazama kadi iliyobandikwa kielelezo mbele yake, anaitazama kazi yake, anairudia kadi.

"Mwenzangu, hebu niangalizie," anamwambia jirani yake wa meza. "Mkia umezidi, au ni macho yangu?"

"Mimi nijuaje? Kielelezo si chako mwenyewe?"

Meza nzima inaangua kicheko. Bi Nyuzi naye anacheka, ila kicheko chake kinaishia menoni.

Nzi wanaotengenezwa hapa hawaruki. Ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana, ili samaki wa mtoni adhani ni mdudu aliyedondoka majini, amdake, anase. Kila nzi ana mtindo wake: nyoya la rangi gani, mkia wa urefu gani. Anayetoka nje ya mtindo hukataliwa, na aliyekataliwa halipwi.

Kazi hii alifundishwa na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na aliyekaa kwenye meza hiihii mpaka mtoto wa jicho alipomtia ukungu. Wosia wake ulikuwa mmoja: "Fuata mtindo. Samaki akikataa, lawama si yako."

Bi Nyuzi aliufuata miaka yote, mpaka masika yaliyopita, barabara ilipokatika na manyoya ya kijivu yakaisha. Msimamizi hayupo, mteja anasubiri. Akachukua nyoya la kanga lenye madoa, akachomoa uzi kwenye pindo la sweta lake, akafunga.

"Nilisema heri nusu shari kuliko shari kamili," anakumbuka.

Msimamizi aliporudi alifungua boksi, akalifunga. "Hawa ni nzi au mafagio?" aliuliza, na kumwonya kwamba akirudia atafute kazi kwingine.

Lakini daktari mmoja wa meno, mstaafu anayeipenda ndoana kuliko chakula, aliomba wale waliokataliwa akawajaribu. Wiki iliyofuata alirudi suruali ikiwa mbichi hadi magotini, akisema samaki walikuwa wanawagombania. Aliwataka tena, na marafiki zake pia.

Yule yule msimamizi akamsogezea Bi Nyuzi kiti. Alitaka amfungie mmoja wa mfano. Akamfunga, nzi akabandikwa kwenye kadi kuwa kielelezo, ubunifu ukageuka mtindo.

Kasheshe ilianza hapo. Boksi la kwanza alilofunga baada ya hapo lilirudishwa.

"Aliniambia mabawa yangu yamelala, ya kielelezo yamesimama. Nikamwambia, 'Bosi, huyu nimemzaa mimi!' Akanijibu, 'Umemzaa, lakini hafanani na ndugu zake.'"

Msimamizi hasemi kwa ubaya. "Mteja akifungua boksi anataka akute alichoagiza," anaeleza. "Kila mtu akija na lake, tutauza nini?"

Bi Nyuzi anakubali kwamba msimamizi ana haki. Ndiyo maana kichwa kinamzunguka. "Sijui nimekosea lini," anasema. "Siku ile nilipobuni, au leo ninapojiiga?"

Jioni moja alimpelekea dada yake nzi wawili, mmoja aliyepita na mmoja aliyerudishwa, akamwekea kiganjani bila kumwambia yupi ni yupi. Dada aliwapapasa kwa ncha za vidole, polepole, kama anayetafuta mchanga kwenye mchele. Akamwinua yule aliyerudishwa.

"Huyu anapumua."

"Kwa hiyo niuache mtindo, Dada?"

"Nani kasema? Fuata mtindo."

"Sasa unanichanganya."

"Hata mimi nimejichanganya, mdogo wangu. Nipe maji ninywe."

Nilipomuuliza Bi Nyuzi samaki wenyewe wanampenda yupi, aliangua kicheko, safari hii cha kweli.

"Wallahi, sijawahi kumwona samaki akimdaka nzi. Hata mmoja!"

Wala dada yake hajawahi. Mto hauko mbali, ila meza haikuwahi kuwapa nafasi. Sasa daktari wa meno ameahidi kuwapeleka siku ya mapumziko, na dada ameshatangaza kwamba fimbo ya kuvulia ataishika yeye. Kusikia mvuto hakuhitaji macho.

"Akivuta nitajua," anasema, akijifunga kilemba upya kana kwamba safari ni sasa hivi.

"Utajua yupi ndiye mzuri?" anauliza Bi Nyuzi.

"Nitajua samaki yupo. Tuanzie hapo."