Popo wa Mwali

Harufu ya maua ya mlangilangi hunikamata mahali nisipotarajia. Juzi ilikuwa Mbezi Beach, nikipita kando ya ukuta wa nyumba ya watu, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, ingawa wakati ule akili yangu haikuwa Mbezi kabisa. Nilikuwa na miaka minane, niko kisiwani Mwali, huko Komoro, nimeshikwa mkono na bibi yangu.

Tulimwita Koko, kama watu wa Komoro wanavyowaita bibi zao. Alikuja Tandika akiwa mke mchanga wa fundi cherehani, akazaa, akafiwa na mume, akabaki. Mama yangu alikuwa mwalimu Gongo la Mboto, akitoka alfajiri na kurudi amechoka, kwa hiyo mie nililelewa na Koko. Nililala kitandani kwake, nikala naye sinia moja, na kila jioni nikasimuliwa habari za popo. Si popo hawa wetu wanaotuharibia maembe, alisema. Wa kwao walikuwa na mabawa yanayoshinda mikono ya Mjomba Athumani akiinyoosha yote miwili, na walitembea angani mchana kweupe kama wenye mji. Tulimcheka sana. Mjomba alikuwa akisema, "Mama, kule kwenu hata inzi ana pembe."

Basi shule zilipofungwa, Koko akasema atanipeleka nikaone kwa macho yangu. Mjomba akatusindikiza.

Kisiwa kile ni mlima wa moto uliozimika zamani, na mawe yake meusi yana vitundu kama mkate wa kumimina. Niliwaamkia wazee wote shikamoo, wakacheka, mpaka Koko aliponinong'oneza kwamba kule mtoto husema "kwezi". Tulifikia kwenye nyumba ya mawe ambayo baba yake alimjengea kabla hajaolewa, maana kwao nyumba ni ya mwanamke. Mdogo wake, Bi Mariama, ndiye aliyekuwa akiitunza. Watoto wa jirani walinizunguka kunishangaa, na Koko pia walimwita mgeni. Aliwachekea, lakini nakumbuka alivyoniminya vidole.

Asubuhi moja tukapanda mlimani. Koko naye alipanda, na magoti yake yale mabovu, akishika mizizi na kumtaja Mtume kila hatua. Njiani komba walituchungulia. Nao hawakuwa kama komba wetu wanaolia usiku, bali wanyama wa mkia mrefu na mashavu mekundu kama watu wenye haya. Tukafika ukingoni mwa bonde, na chini yetu mti mmoja mkubwa ulikuwa umening'inizwa vitu vyeusi kama miavuli iliyoloa. Mwavuli mmoja ukafunguka, ukaruka. Popo yule alielea hewani bila kupiga bawa, akapita karibu yetu, nikaona uso wa mbwa mdogo na macho ya rangi ya chungwa.

"Haya, mwongo nani?" Koko akamwuliza Mjomba.

"Nimekoma, Mama."

Koko akanivuta karibu. "Tazama vizuri, mjukuu wangu. Hawa hawapo kokote duniani ila hapa na kisiwa kimoja cha jirani. Ukirudi, wasimulie wenzio."

Alisema ukirudi, hakusema tukirudi. Mie nilikuwa nikiwatazama popo.

Siku ya safari gari lilikuja kutupeleka uwanja wa ndege. Begi langu lilipakiwa, na la Mjomba.

"Koko, la kwako liko wapi?"

"Tangulieni tu."

Hapo nikaelewa. Nililishika gauni lake kwa mikono miwili, nikalia mpaka nikatapika. Mjomba alinibembeleza, akanifokea, akajaribu kunibeba. Bi Mariama akasema, "Mwache alie, dada. Watoto hulia, wakanyamaza." Koko aliutazama mlango wa nyumba yake, kisha akasema taratibu, "Nileteeni begi langu."

Nilirudi Tandika kama mshindi. Shuleni niliwasimulia popo mpaka wakanichoka. Kila zilipokaribia likizo Koko alisema mwakani atakwenda tena, na kila mwaka magoti yalizidi kuuma. Alifia Temeke, akazikwa huku huku.

Nilikuwa msichana mkubwa siku ya arobaini yake. Jirani yetu mmoja, akiosha vyombo, aliniambia kwamba Koko alipoondoka kwenda Mwali aliwagawia majirani mikeka na masufuria yake yote, akawaaga kwa kulia. Hakuwa amepanga kurudi.

Nikamfuata Mama chumbani. "Kwa nini hakuniacha nilie? Nilikuwa mtoto tu. Ningesahau."

Mama aliketi kitandani. "Nilimwambia hivyo hivyo kwenye simu siku ile aliponipigia kusema anarudi. Nikamwambia, 'Mama, kaa kwenu, huyu wiki mbili tu atakuwa amesahau.' Akanijibu, 'Najua. Ndicho ninachokiogopa.'"

Kwa miaka mingi nimetaka kujilaumu kwa kilio kile, na jibu hilo linaninyima hata nafasi hiyo. Katika nyumba ile sasa anaishi mjukuu wa Bi Mariama. Mie bado sijui kama bibi yangu alirudi kwa sababu nilimpenda mno, au kwa sababu hakuamini kwamba ningeendelea kumpenda. Ningekuwa na umri wa kutosha kumwuliza, ningekuwa na umri wa kutosha kumwacha abaki.