Walimwita Wakili Kabla ya Wakati

Dada yangu aliitwa wakili miaka mingi kabla hajawa wakili. Ilianza siku alipopata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu. Mimi ni keateka, mtunzaji wa jengo moja la ghorofa hapa mtaani Pipeline: nafungua maji, nafagia ngazi, nawapokea wapangaji wapya na kuwasikiliza wa zamani. Jambo likinifikia mimi, jengo zima litalijua. Jioni ile ile mama wa ghorofa ya nne, anayeuza maharagwe ya kuchemsha, alishampa cheo.

"Wakili, lete bakuli. Leo nakupimia bure, kesho utanitetea."

Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Sikuona ubaya. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, naye alikuwa darasa la tatu. Kwa muda mrefu tulijulikana kama wale mayatima wa chumba cha chini. Wakili lilikuwa jina bora. Wapangaji wakaanza kumletea kesi zao mlangoni petu: mwenye nyumba wa zamani amekatalia dipoziti ya nyumba, mume amehama na televisheni, mwajiri amemfukuza mtu bila barua. Aliwasikiliza. Alichokijua alikieleza, na asichokijua alikiri.

Akamaliza shahada, akaingia chuo cha kuwaandaa mawakili, akafanya mtihani wa mwisho. Watu hudhani ukishapata shahada umefika, kumbe kazi yenyewe iko hapo. Mtihani una karatasi kadhaa, na ukikosa moja huwezi kuapishwa. Yeye alikosa ile ya mauzo ya ardhi, kitu ambacho katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukinunua wala kukiuza. Akairudia. Akaikosa tena.

Baada ya hapo akaacha kupita mahali penye watu. Alikuwa amepata kibarua cha kuchapa na kutoa kopi mjini. Alitoka kabla jengo halijaamka, akarudi watu wakiwa ndani wanakula. Siku za mgao wa maji hakufika bombani. Mitungi yetu niliibeba mimi. Nilidhani ni uchovu, mpaka siku moja nilipotembea nyuma yake kutoka langoni. "Wakili, salama?" "Wakili, umepotea!" "Niaje, wakili!" Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nilimwona mabega yanashuka kila alipoitwa, na tulipoingia chumbani alifunga mlango akauegemea kwa muda.

Nilimwambia nilichoweza. Nilimwambia, "Karatasi imekuangusha, wewe hujaanguka. Rudi tena." Nilimwambia tukinywa chai, nilimwambia akikunja nguo, nilimwambia hata pale nilipojua hataki kusikia. "Sawa, brathe," alikuwa akinijibu, macho kwenye simu. Siku za kujiandikisha kwa mtihani zilikuwa zinakwisha naye hakuwa amejiandikisha. Badala yake alianza kuulizia habari za kazi za nyumbani Uarabuni. Msichana wa ghorofa ya pili alikuwa ameenda, na picha zake zilionekana nzuri.

Wakati huo huo kulikuwa na mchekeshaji mmoja aliyependwa sana mitandaoni, mwanamke anayejulikana kwa kuigiza mama mkwe mkorofi. Wengi wetu hatukujua kwamba kumbe alikuwa akisomea uwakili pembeni. Siku moja akaweka video akiwa bila wigi, bila kope za kubandika, akasema amepita mtihani. Kisha akasema kabla ya kupita alifeli mara tatu, na kwamba aliyefeli asijione kuwa yeye ndiye aliyeanguka, ni karatasi tu.

Dada aliitazama video ile mpaka chai yake ikapoa. "Umesikia alivyosema?" akaniuliza, machozi yakimlengalenga.

"Nimesikia."

Nilitaka kumkumbusha nani mwingine amekuwa akisema hivyo. Nikachukua kikombe chake nikaenda kuipasha chai. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikifagia ngazi, na sasa naona halina siri kubwa. Maneno ya mtu wako hayana uzito kwa sababu unajua lazima ayaseme. Mimi ningesema nini kingine? Yule wa kwenye simu hakutujua, hakuwa na deni la kutufariji, na alikuwa amesimama upande wa pili wa mto ambao mimi sijawahi hata kuukaribia.

Siku ya maji iliyofuata dada akashuka na mtungi wake, akasimama kwenye foleni.

"Wakili!" akapiga kelele kinyozi wa ghorofa ya kwanza. "Tulidhani umehamia Karen kwa matajiri!"

"Mimi bado si wakili," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilifeli. Mara mbili."

Foleni nzima ikamgeukia. Nilishika koki nisijue nifunge au niache maji yatiririke.

"Mara mbili tu?" akauliza mama wa maharagwe. "Yule mama mkwe si alifeli tatu? Basi wewe bado una moja ya akiba."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

"Sasa hapa katikati tukuiteje?" kinyozi akauliza.

"Niite jirani, na usogeze mtungi wako."

Siku hiyo hiyo alijiandikisha. Habari za Uarabuni zikaisha. Alisoma kama mtu anayefua nguo nyingi, bila haraka na bila kusimama. Mimi nikabeba mitungi, nikapika, nikawaomba wapangaji wapunguze redio.

Matokeo yalitoka Jumamosi mchana nikiwa nazibua bomba la maji machafu la ghorofa ya tatu. Nilimsikia akipanda ngazi huku akiniita, nikajua kabla hajafika. Alikuwa amepita. Milango ikafunguliwa. Mama wa maharagwe akapiga vigelegele, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru yule mchekeshaji, na wote wakaitikia. Dada mwenyewe alimwandikia ujumbe wa shukrani chini ya video yake, katikati ya maelfu mengine ambayo hayatasomwa. Alinionyesha kabla ya kuutuma.

"Tuma," nikamwambia. "Amekusaidia."

Nilimaanisha. Nilijaribu kidogo kuona wivu, nikakosa nguvu.

Nilishuka chumbani nikaketi kitandani na mabuti yangu yenye matope. Akanifuata.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi. Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

Nilitafuta pa kuanzia, kwenye mitungi au kule kidato cha pili nilipoacha shule. Kabla sijapata, watu walimwita nje, akaniambia anakuja sasa hivi. Nikajilaza na nguo za kazi, kelele za furaha zikivuma mlangoni, nikalala mchana kweupe mpaka jua likazama.